Magugu ya Bi Wanga

Mgeni aliyelisikia jina lake kwa mara ya kwanza alisita kidogo mlangoni. Bi Wanga! Nani anataka kuamkiana asubuhi na mapema na mtu mwenye jina kama hilo? Lakini mwenyewe hakuwahi kupanda ungo wala kumroga hata paka wa jirani. Wanga wake ulikuwa ule wa kukazia nguo, unaokorogwa kwa maji moto mpaka kola za wauguzi zikasimama zenyewe. Alikuwa mfuaji na mpiga pasi hospitalini, na kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa kuukoroga, jina likamganda, naye akaliacha ligande.

Kazi yake ilikuwa chini kabisa ya jengo, katika chumba kirefu chenye mashine za kufulia upande huu na meza za pasi upande ule. Dirisha lilikuwa moja, tena dogo, limefungwa na mvuke mwaka mzima. Mashuka yaliingia na kila kitu ambacho mwili hutoa ukiumwa, yakatoka meupe, yamekunjwa sawasawa. Dawa ya kuondolea madoa ilimla vidole hadi kucha zikapauka, na harufu yake haikutoka kwa limau wala kwa marashi. Mumewe alikuwa akimtania kwamba hata akipotea sokoni, atampata kwa pua.

Mumewe huyo alikuwa mchora mabango, na mtaa mzima ulimwita Mzee Brashi. Ukipita barabarani ulikuwa unasoma mkono wake kila hatua: kinyozi, duka la viatu, duka la dawa, fundi redio. Bango lake lililosifika zaidi lilikuwa la ukuta wa ghala, lililosema USIKOJOE HAPA. Herufi zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba watu walisimama kuzitazama, na wakishasimama ndipo haja ikawabana.

Waliishi katika nyumba ya vyumba viwili na jiko. Nyuma kulikuwa na ua wenye kuta za matofali, bomba moja la maji, na ardhi ngumu ambayo Mzee Brashi alikuwa akisafishia brashi zake na kurundika makopo ya rangi. Binti yao wa pekee alipoolewa na kuhamia mji wa mbali, nyumba ikawa kubwa ghafla. Ndipo pale Bi Wanga alipokuwa akimwaga maji ya kuoshea vyombo pakachipua mche wa nyanya, umejiotea wenyewe. Akainama aung'oe. Mumewe akamwambia amwache mgeni, huenda kesho ataondoka mwenyewe.

Mgeni hakuondoka. Alitambaa juu ya makopo, akatoa maua, akatoa nyanya chache ndogo zenye makovu. Bi Wanga alichuma moja, akaila palepale amesimama, ikiwa bado na joto la jua na chembe ya chumvi aliyoichota jikoni. Alihisi kama mtu aliyefichwa jambo miaka yote na leo ndiyo ameambiwa.

Basi ugonjwa ukamwingia. Makopo yakahamishwa, ardhi ikapigwa jembe, ikalishwa maganda ya ndizi, majivu, na samadi aliyoibeba kichwani kutoka kwa mfuga kuku, watu wakimpisha njia kwa sababu ya harufu. Mwanzoni hakuna kilichokubali. Karoti alizozipanda kwenye udongo wenye mawe zilitoka na miguu miwili miwili. Mumewe akaziosha, akazipanga mezani, akasema kilichobaki ni kuzishonea suruali. Figili zikakimbilia kutoa maua kabla hazijatoa figili. Sota, wale viwavi wakata miche, walikuwa wanamsubiri alale. Asubuhi alikuta miche imelazwa chini, imekatwa shingoni kama kwa wembe. Konokono walichora kabichi matundu. Vidukari walijaza bamia, akawanyunyizia maji ya sabuni, na mvua ilipokuja ikaondoa sabuni ikawaacha vidukari.

Lakini raha yake nani angeieleza? Kabla ya kwenda kazini alikuwa anatoka uani na kikombe cha chai, udongo bado baridi, na kuhesabu nani ameamka na nani amelala. Alijifunza kujua kiu ya biringanya kwa namna linavyolegeza masikio. Alijua mchicha ukichumwa asubuhi hulia mkononi, na jioni hunyamaza. Akifikicha jani la giligilani, harufu ya dawa ya madoa ilikaa pembeni kidogo, na kwa dakika hizo vidole vilikuwa vyake, si vya hospitali. Mzee Brashi alimkatia vibao vidogo, akavichora kila kimoja kwa rangi mbili: NYANYA, BAMIA, MCHICHA. Msusi wa nyumba ya pili, shoga yake wa siku nyingi, akasema katika mtaa huu hata mboga zina anwani.

Msusi ndiye aliyekuwa akigawiwa kwanza kila kilichovunwa, naye alikuwa akilipa kwa maneno. Alisema mkono wa Bi Wanga una heri, ungepanda hata msumari ungeota mabati.

Kisha siku moja mwenye duka la viatu alikuja na uso wa mtu asiyejua acheke au akasirike. Bango lake jipya lilisema DUKA LA VITAU. Mzee Brashi alilitazama kwa muda, akacheka pia, akalirekebisha bure. Baada ya muda mfupi kinyozi naye akawa KINYOIZ. Hapo hakucheka mtu. Jioni ile alikaa kitandani, kisanduku cha brashi magotini, akamwambia mkewe kwamba herufi zinamkimbia. Akiigeukia moja, nyingine zimeshabadilishana viti.

Hospitali ambayo Bi Wanga aliifulia mashuka miaka yote ilimpokea mumewe kwa heshima, ikampima, ikamrudisha. Daktari alikuwa mpole. Alieleza kwamba ubongo wa mzee unapoteza vitu kimoja kimoja, kama mfuko uliotoboka, na hakuna uzi wa kuushona. Dawa zipo, lakini ni za kupunguza mwendo tu. Bi Wanga aliuliza kama itafika mahali isimame. Daktari akainamisha macho kwenye meza, na yeye akaelewa.

Aliacha kazi. Wenzake walimfanyia kikao kidogo kati ya mashine, wakampa shuka jipya, na mmoja akalia. Kuanzia hapo dunia yake ikawa mume, jiko na ua. Kumlisha, kumwogesha, kumtafuta alipotoka kwenda kuchora bango ambalo alilimaliza enzi za ujana wake. Alijibu swali lilelile mpaka maneno yakapoteza ladha. Ua ulibaki kuwa mahali pekee ambapo kitu alichokishika kiliongezeka badala ya kupungua. Mumewe alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, akimwangalia anavyopalilia, na mara nyingine alisema kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa, kwamba mwenye bustani hii anajua kazi.

Msimu uliofuata bustani ilipendeza kuliko wakati mwingine wowote. Huenda ni kwa sababu sasa alikuwa hapo mchana kutwa. Kabichi zilianza kujifunga, nyanya zilibeba vishada vya kijani, mabiringanya yalining'inia meusi yanang'aa kama viatu vya sherehe. Hata sota, sijui walihamia kwa nani. Bi Wanga alipata ule woga wa mkulima anapoona kila kitu kiko sawa, akawa hataki kulisema kwa sauti.

Siku aliyokwenda kuchukua dawa za mumewe, alimwomba msusi amtupie jicho. Msusi alimtupia kwa kweli. Alipochungulia alimkuta mzee ametulia kitini. Akarudi kwa mteja wake aliyekuwa na nusu kichwa kimesukwa. Kilichotokea baada ya hapo hakuna aliyekiona.

Bi Wanga aliingia na mfuko wa dawa mkononi, akapita jikoni, akafika mlango wa uani. Ardhi ilikuwa wazi. Kila alichokipanda kilikuwa kimeng'olewa. Na hakikutupwa ovyo: mimea ilikuwa imelazwa ukutani kwa mistari iliyonyooka, kabichi na kabichi, nyanya na nyanya, kubwa mbele ndogo nyuma, mizizi imeoshwa bombani ikawa myeupe. Vibao vilikuwa vimekusanywa, vimefungwa kwa kamba. Katikati ya matuta kulikuwa kumebaki ndago peke yake, yale magugu yenye vitunguu chini ambayo yeye aliyapiga vita tangu siku ya kwanza. Hayo mzee aliyaacha, na alikuwa ameyamwagilia.

Alikuwa amesimama kando, matope hadi viwikoni, jasho linamtiririka, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo mkewe hakuiona tangu alipoacha kuchora.

"Nimekupalilia," akasema. "Magugu yalikuwa yamekuzidi."

Bi Wanga alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kabla hajaipa ruhusa. Alimpigia kelele. Alimuuliza amefanya nini, akamuuliza tena na tena, akamwita kwa majina ambayo hawakuwahi kuitana katika ndoa yao yote. Mfuko wa dawa ulianguka, vidonge vikatawanyika. Furaha ikamtoka mzee usoni taratibu. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, akaficha mikono yenye matope nyuma kama mtoto, akamtazama kama mtu anavyomtazama askari asiyemjua.

"Nisamehe, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Sikujua. Ila nakuomba kitu kimoja. Usimwambie mke wangu. Bustani hii ni yake, na hana kitu kingine kinachompa raha."

Bi Wanga alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hasira ilikuwa imekwisha, na pale ilipokuwa pakabaki uwazi tu.

"Sitamwambia," akasema.

Aliirudisha ardhini ile mimea iliyokuwa na nafuu. Aliinyeshea, akaiwekea vivuli vya magunia, akaikalia kama mgonjwa. Kabichi zilikaza siku mbili tatu kisha zikalala ubavu. Nyanya zilikauka zimesimama, matunda ya kijani yakiwa bado yameshikilia mashina, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Msusi alilia kuliko yeye, akajilaumu, akaapa kwa kila kilicho kitakatifu. Bi Wanga akamwambia maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba hata yeye mwenyewe angekuwepo angeweza kuwa chooni.

Akapanda tena. Mchicha ulipofika kimo cha kidole, mzee akaupitia. Akapanda tena, akazungushia wavu wa waya. Mzee alisimama kwenye wavu asubuhi nzima, akijaribu kuingiza mkono, na alipofanikiwa waya ulimchana kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Binti yao, kwa simu, alishauri wamfungie ndani wakati mama yuko uani. Bi Wanga alijaribu mara moja. Mzee alipiga mlango kwa viganja vyote viwili, akiwaomba watu wa barabarani wamwokoe, amefungwa na mwanamke asiyemjua. Watu walisimama kweli. Alipomfungulia alimkuta amejikojolea, na aibu ile waliigawana nusu kwa nusu.

Msusi akaja na wazo. Kwake nyuma kuna kipande cha ardhi, kidogo lakini kina jua. Bi Wanga apande huko, mzee hatafika. Akapanda vitunguu na spinachi, na kwa muda mfupi moyo ulimrudia. Alikuwa akienda mbio mbio mzee akisinzia, ananyunyiza, anarudi. Lakini wateja wa msusi walioshwa dawa za nywele, na maji yale yalitafuta njia yake chini ya ukuta. Spinachi ikaungua kingo, ikageuka manjano, ikaoza. Msusi alikuwa ametengeneza mfereji kwa mikono yake ili kuyazuia, na mfereji ndio uliyapeleka. Alisema tu kwamba la kuvunda halina ubani, akaingia ndani.

Baada ya hapo Bi Wanga hakupanda tena. Mbegu alizokuwa amezikausha kwenye vikaratasi alimpa mfuga kuku, na hakuuliza kama alizipanda au alizilisha. Ua ukamezwa na ndago, mbigili na majani mengine ambayo hakuwahi kuyapa nafasi ya kukua hata akajua majina yake.

Lakini aliona jambo. Siku ambazo mzee alitoka uani akang'oa, alirudi ndani amechoka kwa uchovu mzuri. Alikula. Alikubali kuogeshwa. Alilala bila kutafuta mlango. Siku ambazo aling'oa mpaka hakukubaki kitu, alizunguka ndani ya nyumba akipapasa kuta, akiwauliza watu wasiokuwepo kazi yake iko wapi. Kiangazi kilipokaza, ardhi ikawa kavu, magugu nayo yakaanza kufa. Bi Wanga alisimama mlangoni akiyatazama yanavyonyauka. Kisha akachukua kopo, akalijaza bombani, akaanza kuyamwagilia.

Msusi, aliyekuwa anaanika taulo zake, alichungulia juu ya ukuta.

"Shoga, hebu niambie ni macho yangu. Si magugu hayo unayoyamwagilia?"

"Ni magugu."

"Ya nini sasa?"

"Ya mzee. Kesho atataka kazi."

Msusi alifungua kinywa kwa ajili ya utani, kwa mazoea, kisha akageukia taulo zake.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwanamke ambaye alikuwa akiamka kabla ya jua kuchokoa ndago kwa kisu, kitunguu kwa kitunguu, sasa alikuwa anaigawia maji aliyoyaoshea mchele. Aliugawa ua sehemu mbili, upande mmoja ukue wakati mwingine unang'olewa. Alifanya kwa uangalifu, kama alivyofanya kila kitu, lakini hakuna asubuhi hata moja aliyotoka na kikombe cha chai kuyasalimia. Magugu hayakumpa kitu cha kungojea. Yalikuwa kama mashuka ya hospitali: yanachafuka, unafua, yanachafuka. Wapita njia waliochungulia lango la nyuma walimwona ameinama na kopo, wakasema ugonjwa wa mumewe umemwambukiza. Hakuwabishia. Kuna nyakati alijiuliza kama si kweli.

Mzee alianguka akiwa anang'oa. Hakujikwaa, miguu tu ilisahau. Nyonga ikavunjika, na tangu siku hiyo hakusimama tena. Alilazwa hospitalini muda mrefu, juu ya mashuka ambayo Bi Wanga aliyatambua kwa mishono, akaona kwamba aliyechukua nafasi yake hakunji pembe vizuri. Alitamani kulichukia jambo hilo, lakini hakuwa na nguvu za kuchukia pembe za shuka.

Mzee aliporudishwa nyumbani, binti alikuja safari hii, akiwa amewaacha watoto kwa mume. Alipika, alifagia, alimgeuza baba yake, na alipomwona mama yake jinsi alivyokonda aligeukia ukutani. Mzee hakumtambua binti yake. Alimshukuru kama muuguzi. Baada ya siku chache binti akasimama mlango wa uani, akayatazama magugu yaliyofika magotini.

"Mama, hapa ni mahali pa kuteleza tu," akasema. "Tukimwaga zege, kiti cha magurudumu kitapita. Baba ataota jua. Na wewe utapumzika na haya majani."

Hakukosea hata neno moja. Bi Wanga alimtafutia kosa, akalikosa.

"Mwageni," akasema.

Mafundi walikuja, wakakwangua, wakashindilia kokoto. Fundi mkubwa, mtu wa heshima, aliona udongo uliotoka chini ni mweusi na laini, tofauti na udongo wote wa mtaa ule. Akauchukua mkononi, akaja nao mpaka jikoni, akauliza kama mama hataki kuwekewa hata karai moja pembeni, maana udongo kama huu haupatikani kirahisi. Bi Wanga alikuwa anasaga ndizi za mzee. Alimwambia aupeleke wanakopeleka vifusi.

Zege lilikauka. Binti alirudi kwa watoto wake. Asubuhi, jua likiwa halijakali, Bi Wanga alikuwa anamsukuma mumewe hadi katikati ya ua, akafunga breki, akamfunika miguu. Mzee hakuuliza kitu tena. Maneno yalikuwa yamefuata herufi. Mikono yake ilikaa magotini, safi, kucha zimekatwa, na mara mojamoja vidole vilivuta nyuzi za blanketi, bila haraka. Mkewe alikaa karibu naye kwenye ndoo, hana la kumwambia na hana la kufanya, akingoja kivuli cha ukuta kiwafikie wapate sababu ya kuingia ndani.

Msusi hakukata tamaa upesi kama wengine. Alimletea beseni kuukuu alilolitoboa matundu mwenyewe, limejaa udongo wa kununua, na pakiti ya mbegu za mchicha juu yake. Alisema beseni halina shida, unaliweka juu ya ukuta, ni la kujifurahisha tu. Bi Wanga alimshukuru kwa dhati, akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka karibu na bomba.

Hapo likakaa. Mvua zilipoanza, maji yalituama juu ya udongo kwa sababu matundu yalikuwa machache, na viluwiluwi vya mbu vikaanza kucheza ndani. Bi Wanga aliviona alipokuwa anaanika mashuka. Alilipindua beseni juu ya mtaro, akaliacha lichuruzike, akajifuta mikono kwenye kanga. Kisha akaingia ndani haraka, kwa kuwa ilikuwa imefika saa ya kumgeuza mzee ubavu mwingine, mgongo usije ukafanya vidonda.